Yule Mwanamke Amekwenda Wapi

Baba yangu alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari mjini Iringa, na kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alinisimulia hadithi za angani. Alikaa uani kwenye kiti cha mbao, gazeti mkononi, mimi kwenye kigoda mbele yake. Nilikuwa na miaka sita, kisha saba, kisha minane. Mama alikuwa ameshaondoka.

Hadithi zote zilikuwa za mwanamke mmoja aliyetumwa kwenye sayari ya mbali kumlinda malkia mzee. Malkia huyo alikuwa amesahau majina ya wanawe, akawa anamwita yule mwanamke kwa jina la kila mtu isipokuwa lake mwenyewe. Katika sayari hiyo milango ilijifungua yenyewe mtu akikaribia. Watu walipotaka kutoka nje walivaa nguo nene kama magodoro, na moshi uliwatoka vinywani ingawa hakuna aliyevuta sigara. Treni zilipita chini ya ardhi kama fuko wanaochimba. Jua lilizama saa kumi jioni. Chakula kilitoka kwenye sanduku la barafu, kikaingia kwenye sanduku jingine lililokuwa likiimba, na mpaka sanduku limalize kuimba, chakula hakikuwa na harufu yoyote. Na mvua ya huko haikuwa na sauti. Ungeamka asubuhi ukakuta imefika magotini, nawe hukusikia hata tone.

Hilo la mvua ndilo lililonishangaza kuliko yote. Nyumba yetu iliezekwa kwa bati, na mvua ya Iringa ikikamata, watu wawili waliokaa meza moja hawasikilizani mpaka iishe.

Nilikuwa na swali moja ambalo sikuchoka kuliuliza. "Anarudi lini?"

Baba aliangalia gazeti lake kidogo, kama mtu anayetafuta mahali alipoishia, halafu akasema, "Bado. Malkia hajampa ruhusa."

Mama aliondoka nilipokuwa na miaka mitano. Dada yake, mama yangu mkubwa, alikuwa Toronto kwa miaka mingi, na ndiye aliyemtafutia kazi ya kumtunza bibi mmoja wa huko nyumbani kwake, kazi ya kulala hukohuko. Makubaliano yalikuwa miaka miwili, kisha atapata karatasi na kutuita mimi na baba. Ikawa minne. Kwanza sura yake ilinitoka, halafu sauti. Nilipoulizwa shuleni mama yako yuko wapi nilijibu "Kanada" kama mtoto mwingine anavyojibu "sokoni". Sikujua kwamba Kanada ni mahali. Nilidhani ni shughuli.

Mwaka 2002 karatasi zikatoka, lakini zangu tu. Za baba zilikuwa na kasoro ambayo sikuielewa wakati ule na sijaielewa vizuri mpaka leo. Wakakubaliana nitangulie. Baba alinisindikiza mpaka uwanja wa ndege Dar es Salaam, akanikabidhi kwa mhudumu wa ndege, na akasimama nyuma ya kioo huku amefumbata mikono kama anavyosimama mbele ya darasa. Alionekana ana neno la kuniambia. Hakulisema.

Nilipofika Toronto, mlango mkubwa wa uwanja wa ndege ulijifungua wenyewe mbele yangu. Nikasimama palepale. Watu waliokuwa nyuma wakanigonga kwa masanduku yao, mhudumu akanivuta mkono, nami sikusogea, kwa sababu nilikuwa nimeutambua. Huko nje watu walikuwa wamevaa magodoro. Moshi uliwatoka vinywani. Nikawaza: baba anapajua. Baba ameshafika hapa bila kutoka uani kwetu.

Mwanamke mmoja mfupi akaja mbio. Nikamwamkia, "Shikamoo," kama unavyomwamkia rafiki wa mama yako. Akaitikia, "Marahaba," sauti ikamkatika katikati ya neno, akapiga magoti pale sakafuni akaanza kunivalisha. Koti lilikuwa kubwa, mikono yake ilinipita vidole. Lakini viatu vya baridi vilinienea kama vilivyopimwa.

Njiani, ndani ya treni, kabla hajaniuliza chochote, nilimweleza kwamba haya yote nayafahamu, kwamba baba ameshanisimulia. Nikamhesabia: milango, treni ya fuko, mvua isiyo na sauti. Nilimwambia baba ndiye anayejua hadithi kuliko watu wote duniani. Mama alinisikiliza akiwa ameshika mikono yangu ndani ya ile mikono ya koti. Akauliza, "Baba yako alikusimulia hayo?" Nikasema ndiyo, kila Jumamosi. Akageukia dirishani. Treni ilikuwa imeingia chini ya ardhi na hapakuwa na cha kutazama isipokuwa giza na sura zetu.

Tuliishi mtaa wa Parkdale, ghorofa ya saba, chumba kimoja cha kulala na sebule. Wakati huo mama alikuwa ameacha kazi ya kulala kwa watu, akawa anafanya kazi katika nyumba ya wazee, akiwaogesha, akiwalisha, akiwageuza kitandani. Alirudi jioni miguu imevimba, akaiweka kwenye beseni la maji ya chumvi huku akinisikiliza nikisoma kitabu cha shule. Hakuwa msemaji. Chakula kikiwa tayari aliniita, kazi za shule aliziangalia hata zile asizozielewa, nywele zangu alizisuka mwenyewe Jumamosi. Lakini hakunisimulia kitu hata siku moja. Nikamweka moyoni mahali pa mtu wa kazi: baba ni wa hadithi, mama ni wa kazi.

Jumapili tulimpigia baba. Ilikuwa enzi ya kadi za simu, unakwangua, unabonyeza namba nyingi, halafu unasubiri. Kila mara nilimwomba hadithi, na kila mara alinijibu kwamba zimemwishia. Nikamwuliza: yule mwanamke je, ameruhusiwa kurudi? Nikasikia kuku wa jirani yetu, kisha baba akasema, "Mwanangu, nipe mama yako." Mama alipokea simu akaongea kwa kifupi sana. Akimaliza, mara nyingi aliingia bafuni akafungulia maji, na maji yalikwenda muda mrefu.

Safari ya baba iliahirishwa. Kwanza mama yake aliugua, halafu baba mwenyewe akapandishwa cheo, halafu ikaja sababu nyingine. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili mama aliniambia, huku tunakunja nguo, kwamba baba ameoa tena na tusimlaumu, maana miaka ni mingi. Aliendelea kukunja. Sikumlaumu baba. Nilimlaumu mama, kwa kuwa alikuwa karibu.

Kufikia hapo nilikuwa nimeanza kumjibu kwa Kiingereza. Sikupanga. Yeye alisema Kiswahili, nami nilielewa kila neno, na jibu likatoka kwa lugha ya shuleni. Mama mmoja Mkongo wa ghorofa ya tano, aliyekuwa akija kunywa chai kwetu, aliwahi kumwambia kwamba kukaa na watoto wa huku ni kama kukaa na redio, unaielewa lakini yenyewe haikujibu wewe. Walicheka wote wawili. Mimi nilikuwa kwenye kochi, kitabu usoni.

Kitabu chenyewe kilitoka maktaba ya mtaani kwetu. Nyuma kabisa kulikuwa na rafu ambazo kila kitabu kilibandikwa mgongoni karatasi ndogo yenye picha ya roketi. Hizo ndizo hadithi nilizozijua. Nilizisoma zote, kisha nikaanza kuagiza za matawi mengine. Nilikuwa nikimtafuta baba humo, au niseme nilikuwa nikitafuta ua wetu wa Iringa. Nilikutana na manahodha wengi, wanasayansi wengi, na wasichana wachache waliofanana nami, ambao mara nyingi hawakufika katikati ya kitabu. Wote walikuwa wakiondoka duniani. Nikajizoesha kufungua kurasa za mwisho kwanza, niangalie kama kuna aliyerudi nyumbani. Ikiwa hakuna, nilikirudisha kitabu bila kukisoma.

Nikiwa na miaka kumi na saba nilianza kuandika za kwangu. Chuoni nilisomea mambo ya kompyuta kwa sababu mama alisema andika utakavyo, lakini uwe na kazi. Jumamosi asubuhi nilikwenda kwenye kikundi cha waandishi kilichokutana katika chumba cha chini cha maktaba, watu saba au wanane. Huko nilisoma kwa sauti hadithi ya sayari ya mvua isiyo na sauti. Niliiandika kwa Kiingereza. Na kwa kuwa hadithi ilikuwa ya baba, nilimfanya mlinzi kuwa mwanaume: baba mmoja, mtu wa ramani, aliyetumwa mbali kumlinda mfalme mzee, na binti yake anamsubiri. Watu wa kikundi waliipenda. Kiongozi wetu, mama wa makamo aliyezaliwa Trinidad, aliniuliza nilipata wapi hilo sanduku linaloimba. Nikasema kwa baba yangu.

Jarida dogo la mjini likaichapisha. Chini ya kichwa cha hadithi niliandika kwa Kiswahili: Kwa baba. Yalikuwa ndiyo maneno pekee ya Kiswahili katika jarida zima, nami nilijivunia hilo.

Nilimpa mama nakala. Aliisoma siku yake ya mapumziko mezani, akifuatisha mistari kwa kidole, kamusi pembeni. Ilimchukua asubuhi nzima. Nilipita nikijifanya natafuta kitu jikoni. Alipomaliza alifunga jarida, akaweka kiganja chake juu ya jalada.

"Yule mwanamke amekwenda wapi?" aliniuliza.

Nilimwambia, mama, hakuna mwanamke kwenye hadithi, kuna mwanaume na binti yake. Nikamweleza polepole, kwa Kiingereza, kama unavyomweleza mtu ambaye somo limemshinda. Akasema, "Haya," akaenda kuweka jarida kwenye droo ya vitu vyake. Sikujiuliza amejuaje kwamba palipaswa kuwa na mwanamke. Nilidhani kamusi imemdanganya.

Mwaka 2014, nilipomaliza chuo, nilikwenda Iringa. Miaka kumi na miwili nilikuwa nimeiota safari hiyo, na katika ndoto zangu zote nilipokelewa na baba yule aliyesimama nyuma ya kioo. Baba aliyenipokea kituoni alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani, akanishika mabega akaniangalia muda mrefu, akasema nimekuwa mrefu kama shangazi zangu. Nyumba ilikuwa ileile. Bati lilikuwa jipya. Mama mdogo, mke wake, alinikaribisha kwa heshima kubwa mno, akanitengea chumba, taulo jipya, sabuni ambayo haijafunguliwa. Alikuwa na binti wa miaka minane, ndugu yangu, aliyenifuata kila mahali kimya.

Siku ya kwanza nilipofungua mdomo, yule mtoto akaangua kicheko, na mama yake akamkanya. Nilikuwa nimeomba maji. Nilijirudia kichwani nijue nimekosea wapi, na nikagundua kwamba sikukosea. Niliomba kama mtoto. Kiswahili changu kilikuwa kimebaki na miaka tisa: kilijua kudeka, kuomba maji, kusema nimeshiba, na kiliishia hapo. Hakikujua kumpa pole mtu aliyefiwa, wala kukataa chakula cha mtu bila kumuudhi, wala kumwuliza baba maswali niliyokuwa nimeyabeba. Majirani waliokuja kuniona waliniamkia "Kamwene" kwa Kihehe, wakaona nimekwama, wakahamia Kiswahili, wakaona bado nasuasua, basi wakamgeukia baba wakamwuliza yeye habari zangu, nami nimekaa hapohapo. Nilikuwa mgeni wa nyumba niliyokuwa nikiitamani. Hakuna aliyekosea. Ilikuwa hivyo tu.

Siku ya nne asubuhi nilimpa baba lile jarida. Nilikuwa nimelifunga kwa karatasi ya zawadi. Tulikuwa uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki kwa kuwa kile cha mbao kilishavunjika. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, alisoma haraka kuliko mama. Nilimtazama usoni nijione nikifika pale aliponiacha. Alirudi ukurasa wa kwanza, akayasoma tena yale maneno mawili, Kwa baba, kisha akaliweka jarida magotini.

"Hii ni hadithi ya mama yako," alisema.

Nikamwambia hapana, ni zako, zile za Jumamosi.

"Mimi sina hadithi, mwanangu. Mimi ni mwalimu wa jiografia." Akalinyoosha jarida kwa kiganja. "Zile zilikuwa barua zake. Kila ikija barua, upande mmoja ni habari zangu mimi na yeye, upande wa pili hadithi yako. Ya kwanza nilikusomea kama ilivyo, nikakuambia mama yako ameandika. Ulilia siku mbili. Ulikataa uji, ukakataa shule. Ya pili ilipokuja nikaiweka ndani ya gazeti, nikakusimulia kama mambo yangu. Ukacheka, ukala. Basi nikaendelea."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia baadaye. Akasema alitaka kuniambia kule uwanja wa ndege, lakini aibu ilimfunga mdomo, na baada ya hapo kila Jumapili nilipomwomba hadithi, aibu iliongezeka. Barua zilikuwa zimekoma kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimefika. Hakuwa na kitu cha kunisimulia. Halafu aliinuka, akaingia ndani, akatoka na boksi la chaki la shuleni, limefungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na barua thelathini na kitu, karatasi za rangi ya samawati, mwandiko wa mama umebanana mpaka pembeni.

Sikuweza kukaa naye pale. Nilichukua boksi nikapanda kwenye mawe makubwa yaliyo juu ya mji, nikatafuta mahali pasipo na watu, nikasoma. Kiswahili cha mama katika zile barua sikukitegemea. Kilikuwa na mzaha. Malkia alimtupia yule mwanamke bakuli la uji, akamkosa, akalipata dirisha, na dirisha ndilo likaomba radhi. Yule mwanamke alipotea kwenye vichuguu vya treni siku nzima kwa sababu aliona haya kumwuliza njia mtu aliyevaa godoro. Kulikuwa na barua ambayo mvua isiyo na sauti inaanza, na yule mwanamke anatoka nje bila godoro lake, anasimama chini yake akisubiri isikike. Baba hakunisimulia hiyo. Nadhani ilimshinda.

Na chini ya kila barua kulikuwa na mistari ya haraka kwa baba. Anakula? Kikohozi kimeisha? Mwandiko wake unaendeleaje? Mwambie asimame juu ya karatasi, uchore mguu wake kwa penseli, unitumie, nijue umefika wapi. Hapo nilikumbuka penseli ikinitekenya kisigino, na baba akisema anachora ramani. Nikavikumbuka pia viatu vya uwanja wa ndege.

Nililia juu ya yale mawe, na sikujua namlilia nani kati yao. Nilikuwa na hamu ya kumwona baba kwa miaka kumi na miwili nikiwa nimelala chumba kimoja na yule niliyekuwa nikimtafuta. Hasira nilikuwa nayo pia. Niliporudi jioni baba alikuwa amekaa palepale uani, hajala. Nilimwambia, kwa Kiswahili changu cha mtoto, kwamba alinisimulia vizuri. Hilo lilikuwa kweli pia. Akaniruhusu niondoke na boksi. Alibaki na jarida.

Nilirudi Toronto siku ya Jumanne, na Jumanne mama hakuwa kazini. Nilimkuta mezani akikatakata mboga, redio ndogo imewashwa. Alinisaidia kuvua begi, akaniuliza hali ya baba, ya mama mdogo, ya mtoto, ya majirani. Nilijibu kwa Kiswahili. Alinitazama, akaendelea kukata. Halafu nikaliweka lile boksi la chaki mezani, katikati ya mboga.

Alilitambua kabla sijalifungua. Kisu alikiweka chini.

"Aliziweka?" aliuliza.

"Zote."

Akavuta kiti, akakaa. Hakuzigusa. Nilimwuliza kwa nini, miaka yote hiyo, aliniacha niseme baba ndiye bingwa wa hadithi, kwa nini hakunisahihisha hata siku ile ya kwanza ndani ya treni.

"Ulikuwa umekuja na kitu kimoja tu cha baba yako," alisema. "Ningekunyang'anya, nikupe nini?"

Mama akasema nisije nikadhani hakukasirika. Alikasirika sana. Siku nyingine nikiwa kwenye simu namlilia baba hadithi, alitamani kuikata ile waya. Alikuwa akiingia bafuni, anafungulia maji, anazungumza na kioo. Lakini kila mwaka uliopita ilizidi kuwa vigumu, na mwishowe akaona aibu kudai kitu kilichokwisha kuwa cha mtu mwingine.

Nilimwuliza kwa nini aliandika vile, kwa nini hakuandika habari za kawaida.

"Habari gani?" alisema. "Kwamba naamka kumvisha nepi mama wa watu, na mwanangu anavishwa sare na jirani? Hiyo ndiyo ningekuandikia? Nilitazama pale nilipo nikasema, hapa pakielezwa kama palivyo, mtoto ataogopa. Pakielezwa kama nyota, atataka kuja."

Halafu akaniambia habari za malkia. Alikuwa bibi wa kweli, aliyewahi kuwa mwalimu wa piano, na bakuli la uji lilitupwa kweli. Alimwita mama kwa majina ya dada zake, ya mbwa wake, ya wanafunzi wake. Siku chache kabla hajafariki alimwita kwa jina lake, mara moja, akaomba maji. Mama aliandika barua kuhusu siku hiyo na hakuituma. Nilimwuliza iko wapi. Akasema aliitupa, maana ilikuwa na habari za kifo na mimi nilikuwa na miaka minane. Nimeitamani hiyo barua kuliko zote zilizo kwenye boksi.

Nilimwomba msamaha kwa kumgeuza mwanaume. Akacheka, mara ya kwanza siku ile, akasema alipoona yule baba wa kwenye jarida anamwogesha mfalme kwa maji ya vuguvugu, alitamani watu wa Iringa wamwone baba yangu.

Baada ya hapo nimeandika upya zile hadithi, safari hii kwa Kiswahili, na mwanamke amerudi mahali pake. Haikuwa rahisi. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na lugha ya mtoto wa miaka tisa, ikabidi niikuze kwa miaka ile iliyokosekana, na mwalimu alikuwa mmoja. Mama husoma Jumanne, kalamu ya kazini mfukoni. Hukata sentensi zangu bila huruma. Pembeni huandika: hatusemi hivi. Au: huyu anaongea kama tangazo. Safari moja nilimpa kurasa kumi akarudisha mbili. Nilipomwomba aandike yeye mwenyewe alisema hapana, aliandika kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumwandikia, na mtu huyo sasa yuko mezani anamaliza chai yake. Nilijaribu mara tatu au nne, halafu nikaacha. Kuna kitu alikuwa nacho katika kile chumba cha nyumba ya malkia, na hakurudi nacho.

Hatukugeuka kuwa mama na binti wa kupiga soga mchana kutwa. Bado anarudi amechoka, bado mimi huteleza nikamjibu kwa Kiingereza, naye huinua nyusi akasubiri. Nilihama nikapanga chumba mashariki ya mji, karibu na kazi, nami huja mwisho wa wiki na Jumanne nikipata nafasi.

Jumapili moja ya mwaka uliofuata nilikuwa kwake. Nilishusha nguo kwenye mashine za chini ya jengo, nikasubiri zizunguke, nikapanda nazo na kapu. Nilipofungua mlango nilimsikia anaongea. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye bakuli la sukari, spika imewashwa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya baba. Miaka mingi hawakuwa wamezungumza zaidi ya salamu. Walikuwa wakibishana kuhusu mtu fulani aliyewahi kuwakodishia nyumba kabla sijazaliwa, kama alikuwa na mbuzi watatu au wanne, na mmoja wao aliingia ndani akala nini. Baba alisema pazia. Mama alisema pazia lilikuwa baadaye, kwanza alikula cheti chao cha ndoa, upande wa sahihi ya baba. Baba akacheka mpaka akakohoa. Mama naye alikuwa anacheka, mkono mdomoni, mabega yakitikisika, na alikuwa anaongea haraka, kwa maneno ya Kihehe humo ndani ambayo sikuwahi kumsikia akiyatumia.

Hawakujua niko mlangoni. Nilisimama na kapu la nguo za moto kifuani, nikisikiliza. Nilielewa kama nusu. Nilitaka sana kuingia katika ile nyumba ya kupanga yenye mbuzi, nikae kwenye kona yoyote, wakiwa vijana hivyo, kabla ya sayari yoyote. Nguo zilianza kupoa. Nikangoja wamalize.